Kukata Kitambaa cha Bibi Somoe

Mmeniomba niandike, kwa sababu mnasema sauti ninazotuma kwenye kundi ni ndefu, zinamaliza bando, na katikati jogoo anawika. Haya, naandika. Mimi nilisoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo maandishi yangu mengi yamekuwa vipimo vya watu: kifua, kiuno, urefu wa mkono. Mkikuta sentensi imekaa vibaya, inyoosheni wenyewe mkisoma, kama mnavyonyoosha kola.

Kwa mlioingia kundini juzi, mimi ni Mama Teodora wa Nachingwea. Nimeshona sokoni miaka mingi kabla ya magoti na macho kuniambia basi. Kundi letu mnalijua: tunachagua nguo moja ya zamani, kila mtu anaishona kwake, wa Tanga Tanga, wa Iringa Iringa, halafu tunaoneshana. Wapo wanaoshona magauni ya mikono iliyotuna kama maandazi, wapo wanaoshona suruali za bwanga zinazofagia barabara. Hatuuzi. Tunafanya kwa kupenda. Mwanzoni jambo hilo lilinishinda kulielewa. Mtu anunue kitambaa, akeshe nacho, na mteja hayupo?

Aliyeniingiza ni Neema, mtoto wa mdogo wangu, aliyelianzisha kundi akiwa Dar es Salaam. Mume wangu Damiani alikuwa ameshafariki, na mimi nilikuwa nimefunika cherehani zote mbili kwa shuka, yangu na ya Damiani, ingawa yake aliigusa kwa nadra. Neema alinipigia akasema, "Mama mkubwa, ingia tu. Hata usiposema kitu."

Nikaingia, na kweli sikusema kitu. Nilikaa kimya humo kwa muda mrefu nikiwatazama mnavyobishana juu ya upana wa pindo. Ilinisaidia. Siwezi kueleza zaidi ya hapo.

Sasa lazima niwaeleze jinsi mimi na Damiani tulivyofanya kazi, la sivyo hamtaelewa kwa nini kitambaa cha Bibi Somoe kilinitoa jasho. Damiani alikuwa mtu wa Nambambo, mrefu, wa maneno machache. Yeye alikata, mimi nilishona. Hatukupanga hivyo siku moja tukakubaliana. Ilitokea tu, ikabaki. Alikuwa na mkono wa kukata. Alikuwa akitandaza kitambaa mezani, anakipapasa kwa kiganja kutafuta uzi unaelekea wapi, anachora kwa chaki mistari michache mno, kisha anakata bila kurudi nyuma. Mteja akiongea wakati ule, Damiani alikuwa anaweka mkasi chini na kumtazama mpaka anyamaze. Mimi nilikuwa naletewa vipande nikaviunganisha. Nguo ikikosewa kwenye mshono, nilifumua. Ikikosewa kwenye kukata, hakuna kufumua. Ndiyo tofauti ya kazi hizi mbili, nanyi mnaojifunza kwenye video muikumbuke.

Kufumua nilifundishwa na sista wa parokia, kule misheni, nikiwa msichana. Wiki za mwanzo hakutupa kushona hata kidogo. Alitupa nguo kuukuu za misaada, makoti mazito na blauzi zisizo na vifungo, akasema tuzifumue bila kuchana kitambaa. Tulinuna sana. Lakini nguo ukiifumua inakuonesha ilivyotengenezwa, kipande kwa kipande, na fundi aliyefanya uvivu unamkuta ndani. Mpaka leo nikitaka kujua nguo, sianzi na sindano. Naanza na kiwembe.

Wateja nao walitufundisha. Vijana wa machimbo ya Namungo walikuwa wakija na suruali mpya wanataka mfuko ndani ya mfuko, na ndani ya huo mwingine mdogo, usiojulikana na mtu. Siku moja mmoja alirudi amekasirika, anasema mfuko wake umeibwa. Tukamkagua. Haukuibwa. Ulikuwa umefichwa vizuri mpaka mwenyewe kaupoteza. Damiani alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini, na ilikuwa nadra kumwona hivyo.

Basi, siku moja kundini akaandika mwanamke anaitwa Zaituni, ana duka la vyombo Ruangwa mjini. Mama yake, Bibi Somoe, anaishi Nandagala, na ana kitambaa kilichokaa sandukuni tangu ujana wake. Kitambaa chenyewe ni cha pamba, samawati, chenye maua meupe madogo. Mume wake wa kwanza alikinunua Lindi alipopata mshahara. Kilikuwa kirefu. Nusu walishona gauni, wakapiga nalo picha studio, yeye na mumewe. Nusu iliyobaki mume alisema itashonwa akirudi kutoka mashamba ya mkonge. Hakurudi. Alizikwa hukohuko. Bibi Somoe baadaye akaolewa tena, na huyo wa pili ndiye baba yake Zaituni. Zaituni alisema baba yake alijua kitambaa kipo na hakuwahi kukigusa wala kukiulizia.

Sasa macho ya Bibi Somoe yalikuwa yanakwenda. Watu alikuwa anawajua kwa sauti. Rangi ya samawati bado alikuwa anaiona akisogea mlangoni penye mwanga. Ndipo akamwambia binti yake, "Nishonee lile gauni nikiwa naiona bado rangi yake." Zaituni akakipeleka kitambaa kwa fundi mmoja pale mjini. Fundi alikitazama, akakikunja, akamrudishia. Alisema kitambaa cha namna hiyo ukikiharibu huna pa kukinunua kingine, na yeye hataki kulaaniwa na bibi wa watu.

Kundi likawaka moto. Kila mtu alitaka nguo ile iwe zamu yetu inayofuata. Na aliyekuwa karibu na Nandagala ni mimi. Neema akaandika mbele ya watu wote, "Mama mkubwa yupo Nachingwea." Sikufurahi. Nilimpigia pembeni nikamwambia, "Neema, mimi sikati. Alikuwa anakata baba yako mkubwa."

Akasema, "Najua, mama mkubwa." Basi nikakubali.

Desturi ya kundi letu ni kushona kwanza gauni la majaribio kwa marekani, kile kitambaa cheupe cha bei ndogo, ili ukikosea ukosee hapo. Zaituni akatutumia picha ya ile picha ya studio. Bibi Somoe kijana, amesimama wima, mumewe pembeni yake. Gauni lina kola ndogo, kiuno chembamba, marinda chini, na safu ya vifungo inayoshuka pembeni, kutoka begani mpaka kiunoni, upande wa kulia.

Hapo ndipo tulipoanza kujitia wataalamu. Kwa nini kulia? Shukuru wa Morogoro, mnayemfahamu kwa maelezo yake marefu, akaandika kwamba akina mama wa zamani walikuwa wakimbeba mtoto kwa mkono wa kushoto, hivyo gauni lilifunguliwa kulia ili mkono ulio huru ufanye kazi. Watu wakaweka vidole gumba. Mwingine wa Tanga akasema hapana, fundi wa nguo ile alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Nikaulizwa mimi kama mtu wa huku. Nikasema kweli nilimjua fundi mmoja wa zamani aliyetumia mkono wa kushoto. Hiyo ni kweli, nilimjua. Lakini nguo zake zilikuwa na vifungo pale pale palipo na vya wengine, na hilo halikunijia kichwani. Basi ikakubaliwa. Nchi nzima, watu wa kundi hili tulishona magauni ya vifungo vya kulia, tukapongezana.

La kwangu nililikata kwa marekani, taratibu, kwa mkasi wa Damiani. Halikunitisha. Marekani ni marekani. Asubuhi moja nikapanda gari mpaka Ruangwa, Zaituni akanipokea, tukaenda Nandagala.

Bibi Somoe tulimkuta amekaa juu ya mkeka anachambua mbaazi kwa vidole. Hakuinua kichwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye huyo fundi wa misheni?"

"Ndiye mimi, mama."

"Karibu. Ninyi wa misheni mnashona imara. Mume wangu, baba yake huyu, alinunua suruali kwenu. Alishindwa kuichana, ikamchana yeye."

Zaituni akasema, "Mama, mgeni hata hajakaa."

"Si anakaa huyo? Namsikia magoti yanalia."

Tukamvika gauni la majaribio. Lilimkaa vizuri mabegani. Nikasimama nyuma yake nikiwa na pini mdomoni, nimeridhika. Kisha akapeleka mkono wake wa kulia kifuani kushoto, chini kidogo ya bega, akapapasa. Akashuka mpaka kiunoni, akapapasa tena.

"Vifungo viko wapi?"

"Huku, mama. Upande wa kulia."

"Nani kavihamisha?"

"Viko hivyo kwenye picha, mama."

"Picha inanijua kuliko mimi? Gauni hili nilikuwa nalifunga mwenyewe kila Ijumaa." Mkono wake bado ulikuwa kushoto, vidole vinakwenda kama vinafunga kifungo kisichokuwepo. "Hili ni la mwanamke mwingine. Nivueni."

Zaituni akaingia chumbani akaitoa picha yenyewe, ile ya karatasi. Mimi sikuwa nimewahi kuiomba. Niliona ya simuni inatosha. Vifungo vilikuwa kushoto. Tukaweka simu kando ya karatasi. Bibi Somoe wa kwenye simu alikuwa amegeuzwa, kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

"Kamera ya nyuma ya simu yangu imevunjika," Zaituni akasema polepole. "Nilipiga kwa ile ya mbele."

Halafu nikaona kitu kilichoniuma zaidi. Mume, aliyesimama pale pembeni, shati lake kwenye simu lilikuwa na mfuko kifuani upande wa kulia. Ninyi mmewahi kuona shati la namna hiyo? Angetuambia kila kitu, yeye. Tulikuza picha ile tukahesabu mpaka marinda, mafundi wa Tanga na wa Iringa na mimi, na hakuna hata mmoja aliyemtazama yule bwana.

Niliwaandikia siku ileile. Kisha Shukuru akaandika, "Mama, nifute yale maelezo yangu?" Nikamwambia ayaache, na ya kwangu ya fundi wa mkono wa kushoto nayo yaache, mtu akija aone tulikopita. Wa Tanga akauliza magauni yetu tuyafanye nini sasa. Neema akamjibu ajipige picha kwa kamera ya mbele.

Kicheko kikaisha, nami nikabaki na kazi. Nilimwomba Bibi Somoe anipe kitambaa nikakikatie Nachingwea, kwenye meza yangu. Akakataa. "Hakitoki humu ndani kikiwa kizima. Ukitaka kukikata, kikate hapa nisikie." Kwa hiyo meza ikawa mkeka.

Kabla ya hapo tulikiosha. Kitambaa cha zamani msikikate kikavu kutoka sandukuni, kitawapungukia baadaye kikiwa mwilini. Vuteni kwanza uzi mmoja pembeni. Ukikatika kama nyasi kavu, kirudisheni kilikotoka, msimdanganye mtu. Uzi wa kitambaa hiki ulivutika. Tukakiloweka kwenye maji ya chumvi ili rangi isikimbie, tukakianika kivulini. Nikalala kwa Zaituni.

Kilipokauka ndipo nikaona shida. Palipokuwa na kunjo miaka yote ile, rangi ilikuwa imekufa, na pamba yenyewe imelegea, mistari mirefu miwili. Ukiinua kitambaa kwenye jua, mwanga unapenya kwenye ile mistari. Nililifumua gauni la majaribio nikatumia vipande vyake kupimia. Nikavigeuza vyote, nikavilaza hivi na hivi. Marinda yalificha mstari mmoja. Wa pili, nifanye nifanyavyo, uliangukia katikati ya kifua.

Mtandao Nandagala unakuja na kuondoka, lakini nilifanikiwa kutuma picha kundini, safari hii kwa kamera ya nyuma ya simu yangu. Nikaeleza: nikiuacha mstari ule kifuani, gauni litakuwa sawasawa na lile la studio, lakini litapasuka. Nikikata juu ya mstari na kuweka mshono hapo, litadumu, ila litakuwa na mshono ambao la kwanza halikuwa nao. Mnakumbuka mlivyojibu. Wengi mlisema nisikate. Neema aliandika, "Likikatwa hapo, mama mkubwa, halitakuwa gauni lile." Hakukosea. Halitakuwa lile.

Nikaweka simu chini, nikamweleza mwenye kitambaa, vilevile bila kupunguza.

"Litavalika?" akauliza.

"Nikikata, litavalika. Nisipokata, utainua mkono mara moja, litachanika kifuani."

"Basi kata."

"La kwanza halikuwa na mshono pale, mama."

"Na mimi wa kwanza sikuwa na mgongo huu. Kata, mwanangu, mbaazi zinaningoja."

Nikapiga magoti mkekani. Nilikipapasa kitambaa kwa kiganja, nikaupata uzi unakoelekea. Nikachora kwa chaki. Nilichora mistari mingi kuliko ambayo Damiani angechora, na sioni aibu. Kisha nikashika mkasi, na hapo mkono wangu ukakaa. Ulikaa tu, kama mtu aliyefika mlangoni akasubiri kukaribishwa. Nilikuwa nangoja Damiani aseme "pisha" na kunitoa pale, kama alivyokuwa akifanya siku zote nikisogelea meza yake. Niligundua kwamba nangoja hilo kweli, kwa akili zangu zote. Zaituni alikuwa amesimama kando. Bibi Somoe alikuwa ameacha kuchambua, uso wake umegeukia nilipo.

Hakuna aliyesema pisha. Nikakata.

Kitambaa cha pamba ya zamani kina sauti yake, si kama hivi vya siku hizi vinavyoteleza kimya. Bibi Somoe aliisikiliza sauti ile mpaka mwisho wa kipande cha kifua. Halafu akarudi kwenye mbaazi zake.

Kushona hakukunipa tabu. Hiyo ndiyo kazi yangu. Nilivishonea vipande nyumbani Nachingwea, cherehani moja nimeifunua, na mshono wa kifuani niliuwekea utepe kwa ndani usivutike. Nilipolirudisha gauni, Bibi Somoe alilivaa mwenyewe. Alikataa msaada. Mkono wa kulia ukaenda kushoto, ukashuka ukifunga, kimoja baada ya kingine, bila kutafuta. Akaenda mlangoni penye mwanga akaushika upindo wa sketi, akauinua karibu kabisa na jicho.

"Ni yenyewe," akasema. "Ni rangi yenyewe."

Mikono ilikuwa inambana kidogo kwapani. Niliwaambia hivyo siku ile na nawaambia tena, kwa sababu mmoja wenu aliandika kwamba gauni lilitoka bila dosari. Lilikuwa na dosari ya kwapa. Nikataka kulichukua nikalegeze, akakataa kulivua.

Zaituni akataka kumpiga picha ya kutuma kundini, asimame kama alivyosimama studio. Bibi akasema amesimama vya kutosha. Akakaa mkekani na samawati yake yote, akavuta ungo. Mtu kundini aliuliza kama kuna picha nyingine inayoonesha umbo la gauni vizuri. Hakuna. Ni hiyo hiyo ya ungo.

Kabla sijaondoka nilimkabidhi mfuko wa mabaki. Mafundi tunasemwa kwamba tunakula vitambaa vya watu, na wapo wanaokula. Mimi na Damiani tulirudisha hata chenye upana wa kidole, nanyi rudisheni. Alivipapasa vipande vile vyote. Akachagua kimoja kirefu, kilichotoka kwenye sketi, akakikunja kwa uangalifu mwingi, akaingia nacho chumbani. Nilisikia sanduku likifunguliwa, kisha likifungwa.

Zaituni akamwita, "Mama, hicho tena cha nini? Si limeshashonwa?"

"Limeshashonwa, ndiyo," akajibu kutoka ndani. "Lakini mtu atafunguaje sanduku akute hamna kitu?"

Nilirudi Nachingwea jioni. Shuka la cherehani ya Damiani sikuliondoa, na sijaliondoa. Meza yake ndiyo nimeiondolea vitu vilivyokuwa vimejaa juu yake, nikaifuta vumbi, kwa sababu kulikuwa na gauni lenu la zamu mpya, la mikono ya maandazi, linaningoja, na halikuwa na mtu mwingine wa kulikata.